Uzoefu wangu: walipuliza klia mpya juu ya klia iliyokufa

Sirudi tena kwenye gereji ile. Nalitanguliza hilo ili mwenye haraka apate jibu lake mapema. Iko hapa Dar, njia ya kwenda Tegeta, jina silitaji. Kazi niliyowapa ilikuwa Toyota Carina Ti ya bluu iliyokolea iliyoliwa na jua: boneti na paa vipulizwe upya, milango na fenda zipigwe polishi.

Kilichoniudhi si bei, wala si zile siku walizonizungusha. Ni kipande kimoja cha klia, lile tabaka la juu la kung'arisha na kulinda rangi, ukubwa wa jani la mpera, nilichokibandua kwenye ukingo wa boneti kwa ukucha tu, masika yalipokuwa yamekolea. Kilitoka chepesi kama ganda la kitunguu. Nikakigeuza. Upande wa chini umejaa unga mweupe mkavu, ule unga wa klia ya zamani iliyouawa na jua, na hakuna hata mkwaruzo mmoja wa msasa. Yaani walifuta vumbi, wakapuliza mpya juu ya maiti.

Nikakipeleka, nikakiweka mezani kwa msimamizi. Hakukigusa. Simu mkononi, macho kwenye simu, akaniambia: "Mzee, kwani gari lenyewe la mwaka gani hili? Kama unataka rangi ya kiwandani si ununue jipya."

Hapo ndipo hasira yangu yote ilipo, kwa sababu jibu lile si ufidhuli tu, ni uongo wa kitaalamu. Umri wa gari hauhusiki na klia mpya kubanduka. Klia inashika kile ilichopulizwa juu yake. Ukiipuliza juu ya kitu kinachoachia, itaachia nacho, liwe gari la mwaka 1997 au lililoshuka bandarini jana.

Nieleze vizuri, maana wenye magari wengi wanaibiwa hapa. Rangi ya kiwandani, kuanzia kwenye bati mpaka juu kabisa, ina unene wa maikroni 100 hadi 150 hivi. Ni kama karatasi moja ya kuchapia, au moja na nusu. Ndani ya unene huo kuna praima, yaani tabaka la kwanza la kushikia bati, kuna rangi yenyewe, na juu kuna klia isiyo na rangi, kama maikroni 40. Klia ndiyo inayopigana na jua. Mionzi inavunja utomvu wake kidogo kidogo, inapoteza mng'aro, inakuwa na ukungu mweupe, kisha inapasuka na kuanza kubanduka kwa mapande. Hapa Dar jua la Machi na Oktoba linapita juu ya utosi kabisa, kwa hiyo boneti na paa vinapigwa moja kwa moja, wakati milango iliyosimama wima inaponapona. Boneti ina balaa la ziada, joto la injini kutoka chini. Ongeza chumvi ya bahari na kinyesi cha kunguru kinachounguza rangi kikikauka juani, halafu mtu anakifuta na kitambaa kikavu.

Sasa tofauti ambayo fundi yeyote mwenye haya lazima akwambie kabla hajapokea hela yako. Kuna kufifia na kuna kubanduka. Rangi iliyofifia tu inarudi kwa polishi. Klia iliyoanza kubanduka hairudi kwa polishi, wala waksi, wala dawa yoyote ya kwenye kopo, maana kile unachotaka king'ae hakipo tena. Pitisha ukucha polepole pale weupe unapoanzia. Ukigusa kijingazi, hata chembamba namna gani, klia imeshaondoka hapo, na polishi itazidi kuing'oa. Kipimo cha pili: weka kompaundi, ile dawa ya kusugulia rangi, kidogo kwenye kitambaa cheupe, sugua mahali pamoja. Kitambaa kikichukua rangi ya gari, basi gari halina klia, ni rangi ya tabaka moja, na mara nyingi hiyo ni habari njema. Nyeupe ya Toyota yenye namba ya rangi 040 ndivyo ilivyo: inatoa unga kama chaki mpaka unadhani imekufa, kumbe ukiondoa tabaka la juu lililoungua unakuta nyeupe nzima chini yake. Bluu ya metaliki kama ile ya Carina ina klia, na kwenye boneti ilikuwa imeshabanduka. Msimamizi aliliona hilo kwa macho yake siku ya kupokea gari. Alipitisha kidole palepale.

Kazi inayotakiwa haina siri. Kwanza osha kwa sabuni, kisha futa mafuta na waksi kwa dawa ya kuondolea mafuta kabla ya msasa, si baada. Ukitanguliza msasa unayasukumia mafuta ndani ya mikwaruzo. Halafu msasa namba 320 au 400 kuondoa klia yote iliyokufa, na kingo za ile iliyobaki nzima zilainishwe mpaka kiganja kikipita hakisikii ngazi. Kiganja, si jicho. Jicho linadanganywa na vumbi la msasa. Palipofika bati papigwe praima ya epoksi siku hiyohiyo, kwa hewa hii ya pwani bati tupu halisubiri kesho. Kisha namba 800 ya maji uso mzima, mpaka pasibaki doa linalong'aa hata moja, kwa sababu kila doa linalong'aa ni mahali ambapo rangi haitashika.

Rangi yenyewe inapulizwa mikono miwili mpaka mitatu myepesi, ukisubiri dakika 10 hadi 15 katikati, mpaka ififie kabla ya mkono unaofuata. Klia ni mikono miwili. Kwa boneti na paa la gari dogo kama Carina, lita moja ya klia iliyokwisha changanywa inatosha. Hadna, ile dawa ya kuigandisha klia, ipimwe kwa kikombe chenye alama, kwa uwiano ulioandikwa kwenye kopo, na kwa klia nyingi ni mbili kwa moja. Hawa wanakadiria kwa jicho. Hadna ikizidi klia inakuwa ngumu na kupasuka, ikipungua inabaki laini, na vumbi la Dar linaganda humo milele. Thina, ile ya kuzimulia rangi, iwe ya kukauka taratibu. Ile ya haraka, kwa joto la saa saba mchana, inakauka hewani kabla haijafika kwenye bati, na uso unatoka na vijishimo kama ganda la chungwa.

Na kompresa, ile mashine ya hewa ya kupulizia! Unyevu wa hapa unajaza maji kwenye tangi. Ifunguliwe valvu ya chini kila asubuhi maji yatoke, na kichujio cha maji kiwepo karibu na bunduki ya kupulizia. Usipofanya hivyo, maji yanaingia chini ya klia, na baada ya wiki chache unaona malengelenge. Kabla hujaacha gari gereji yoyote, omba wafungue valvu ile mbele yako. Yakitoka maji ya kutu ya kujaza kikombe, ondoka na gari lako.

Sasa nisiwe mtu wa kuonea. Paa walilipiga vizuri. Kijana mmoja alikaa nalo siku nzima na namba 400, ndoo ya maji pembeni, anapitisha kiganja, anarudi, anapitisha tena. Paa lile limepita masika yote na halijainua hata ukingo mmoja. Lina kina, unaona mawingu ndani yake. Na polishi ya milango, kijana huyohuyo, nasema wazi sijaona ya kuizidi mjini hapa. Alifanyia kivulini, bati likiwa baridi kwa mguso, kwa sababu kompaundi ikikaukia juani inakwaruza badala ya kusugua. Kabla ya mashine alipitisha udongo wa kusafishia rangi, na kiganja kikatoka kikiteleza. Akafunika kingo zote na mistari ya mlango kwa tepu ya karatasi, maana kwenye kingo rangi ni nyembamba na mashine inakula mpaka praima kwa sekunde chache. Kwenye mashine alitumia pedi ya sufu kwanza na kompaundi ya kukata, kisha pedi ya sponji na polishi laini, akienda eneo la nusu mita kwa nusu mita, mizunguko haizidi 1,500 kwa dakika, wala mashine haisimami mahali pamoja. Alipomaliza akafuta kwa spiriti iliyochanganywa na maji, ili mafuta ya polishi yasifiche mikwaruzo. Mafundi wengi hawafanyi hivyo, ndiyo maana gari linang'aa siku ya kulichukua, likioshwa mara mbili mikwaruzo yote inarudi.

Kwa hiyo niseme hivi: ukiwa na rangi iliyofifia tu, haijabanduka, nenda pale, mwulize kijana wa mashine, na usimamie mwenyewe. Kwa kazi hiyo nawapa alama zote.

Lakini ndivyo ninavyozidi kukasirika ninapoandika! Kumbe wanajua. Gereji inayoweza kulipiga paa lile ilijua kabisa inafanya nini ilipopuliza boneti. Haikuwa kutojua. Ilikuwa kuokoa saa nne za msasa, kwa kutegemea kwamba mteja atalipa, ataondoka, na likibanduka atalaumu jua. Na akirudi, ataambiwa gari lake ni la zamani. Ni wangapi wameambiwa hivyo mezani pale wakainamisha vichwa wakaondoka?

Na kijana yule anayepuliza klia kafunga fulana usoni. Hadna ya klia ina kemikali iitwayo isosayaneti, inaingia kwenye mapafu na inaweza kuleta pumu isiyopona. Fulana haizuii kitu. Inatakiwa barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba. Nilimwambia msimamizi, akasema vijana wamezoea. Mapafu hayazoei.

Baada ya mabishano akajitolea kurudia boneti kwa nusu bei. Nusu bei ya kosa lake! Nikauliza mtapiga msasa mpaka wapi? Akasema, "Tutagusagusa pale palipotoka." Hapana. Klia mpya yote pale juu imekaa kwenye unga. Ukigusagusa palipotoka, patatoka pembeni yake mwezi ujao. Inaondolewa yote, mpaka kwenye rangi nzima au kwenye bati, ndipo unaanza.

Nimeliondoa gari. Fundi mwingine ameishusha boneti yote kwa namba 320, na kila alipopitisha msasa unga mweupe ulikuwa unatoka chini ya klia mpya, ukingo kwa ukingo. Kuna praima ya kijivu sasa, na juu yake turubai, kwa sababu praima inanyonya maji na vuli imeshaanza kuonja. Rangi imechanganywa Kariakoo kwa namba ya rangi iliyo kwenye kibati cha chumba cha injini, nusu lita. Tunangoja siku mbili kavu mfululizo.