Kiongozi wetu wa Kilwa Kisiwani: kwanza vua viatu

Nafundisha madrasa hapa Lindi mjini, na Kilwa Kisiwani, kwenye magofu ya mji wa kale, nimefika mara mbili. Mara ya kwanza tulipelekwa na kampuni moja ya utalii. Mtu wao alituingiza Msikiti Mkuu na viatu, watu wakaparamia kuta ili wapigwe picha. Nilirudi na kinyongo. Juzi nimekwenda tena na mama yangu mzazi na wanafunzi sita, safari hii tukamchukua kiongozi wa watalii mzaliwa wa kisiwani. Nawaandikia tathmini hii kwa ajili yake.

Tulikutana gatini Kilwa Masoko baada ya kukata kibali cha kutembelea magofu. Kuvuka si mbali, ila tulifika maji yametoka, mama akashuka kwenye tope ameshikwa mikono yote miwili. "Bibi, niwie radhi, ningewaambia mapema mje maji yamejaa," kiongozi alisema. Kweli angetuambia, na nyota moja naipunguza hapo. Mtu wa bahari anajua saa za maji kuliko sisi.

Msikitini alivua makubazi, akatoa salamu, akatanguliza mguu wa kulia. Sisi nyuma yake. Hapo ndipo akaanza kusema. Upande wa kaskazini, penye kibla, ndio wa kale, wa karne ya 11. Ukumbi mkubwa uliongezwa mwanzoni mwa karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule ambaye msafiri Ibn Battuta wa Morocco alimkuta alipofika hapa mwaka 1331. Wanafunzi waligandia penye udhu, kwenye mawe ya duara ya kusugulia nyayo. Mmoja akakanyaga, akanyamaza kabisa. Tukasali rakaa mbili.

Kisha akatuonyesha viraka ukutani. Ukuta ni wa matumbawe na viraka ni vya chokaa, kwa sababu saruji huliziba jiwe pumzi: unyevu na chumvi vinakwama ndani, jiwe linamumunyika nyuma ya plasta inayoonekana nzima. Anajua kwa kuwa aliichekecha chokaa hiyo mwenyewe, yeye na vijana wenzake wa kijijini. Nilikuwa najua tu kwamba magofu haya yaliwekwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ulio hatarini mwaka 2004, yakatolewa 2014. Sasa nimeshikana mkono na mmoja wa waliofanya kazi ya kuyakarabati.

Njiani kwenda Makutani, jumba jingine la magofu, mama aliokota kigae cha kaure ya Kichina, kijani kama embe bichi, akaanza kukifunga kwenye pindo la kanga. Kiongozi akamwambia:

"Bibi, kikiondoka hapa hicho ni kigae tu. Kikilala palepale, wachimbaji watajua nyumba hii ilikula kwenye sahani ya wapi, na zama zipi."

Akamweleza pia kuwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Lakini mama alikuwa ameshainama, anatafuta alama kigae kilipokuwa.

Husuni Kubwa, kasri la kale la sultani, tuliipitia haraka, jua lilikuwa kali na mama alibaki chini ya mbuyu.

Mkienda na wazee, ulizeni kwanza maji yanajaa saa ngapi, na mbebe maji ya kunywa. Malipo ya kiongozi ni mbali na ya kibali na ya mashua. Sisi tulimwongezea, na mama akamwachia mfuko wa korosho aliotoka nao Lindi.