Fundi kasema kioo kimekufa, na kioo ni kizima

Mnaopeleka kompyuta kwa mafundi wa Kariakoo, someni hili kabla hamjatoa hela.

Kompyuta ya steshenari yangu ilijiapdeti usiku. Asubuhi nawasha, nembo ikatokea vizuri, vidoti vikazunguka, halafu giza. Taa ya monita inawaka, CPU inaunguruma, wateja wa kuchapisha barua wamesimama. Nikapakia vyote kwenye bajaji hadi duka moja la matengenezo lenye bango kubwa.

Yule fundi hakuchomeka hata waya. Aliigonga monita mgongoni kwa ukucha, akasema, "Dada, kioo kimekufa hiki. Chukua nyingine, nitakupunguzia." Nikamwambia mbona nembo inaonekana mwanzoni? Akanikata: "Fundi ni mimi au wewe?" Mbele za watu! Na elfu kumi ya kuangalia akaipokea.

Kaangalia nini? Kioo kilichokufa hakionyeshi nembo. Kikionyesha nembo kisha kikazima mfumo unapoingia, mara nyingi kioo ni kizima na waya ni mzima. Tafuta kwenye dreva ya picha, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kutoa picha, au kwenye masafa, yaani mara ngapi picha inachorwa upya kwa sekunde, yaliyowekwa juu kuliko monita inavyomudu. Mpwa wangu alibonyeza kitufe cha menyu cha monita yenyewe, menyu ikaja inang'aa, kumbe kioo kinafanya kazi. Akaiwasha kompyuta kwa sefu modi, ambayo hutumia dreva ya msingi tu, picha ikaja. Akairudisha dreva iliyokuwepo kabla ya apdeti, akazima, akawasha. Mchana nikafungua duka.

Nilitaka kuwapa nyota mbili, maana kijana wao wa mapokezi alinibebea CPU hadi kwenye bajaji bila kudai kitu, mpole kabisa. Nikasema labda fundi hajui tu, kutojua si dhambi. Lakini kadiri ninavyoandika nakumbuka alivyoning'ang'ania niiache ile monita pale, "utuachie ya spea, dada, utaibeba ya nini?" Ya spea, na kioo anasema kimekufa! Asiyejua haombi kuachiwa. Basi hata mbili hapana, nawapa moja, na hiyo ni ya yule kijana. Elfu kumi yangu naifuata wiki hii, na nitaidai mbele za watu vilevile.