Apollo Server kwa maduka ya Bukavu: nguvu iko kwenye rizolva

Kwa programu ya maduka ya Kadutu, ambako wateja hununua mega (data ya intaneti) kidogo kidogo, Apollo Server, yaani seva ya GraphQL (lugha ya kuomba data), inafaa sana: simu huletewa zile sehemu ilizoomba tu. Aina huandikwa wazi: `type Bidhaa { jina: String! beiFranka: Int duka: Duka! }`. Jina na bei havihitaji rizolva (kitendakazi kinacholeta thamani ya sehemu fulani), mradi hifadhidata itumie majina yaleyale. Ikiwa huko imeandikwa `bei_franka`, utapata null (thamani tupu) bila ujumbe wowote wa kosa, na hapo wengi huhangaika siku nzima. (Jumla za mauzo usizipe Int (aina ya nambari kamili), inaishia 2 147 483 647, na franka hufika huko upesi.)

Duka ndilo linalodai rizolva, nayo huchukua kitambulisho cha duka kutoka kwa mzazi, yaani bidhaa yenyewe. Ukiorodhesha bidhaa 50, itaitwa mara 50: maulizo 51 kwa hifadhidata, moja la orodha na 50 ya maduka. Weka DataLoader, maktaba inayokusanya maulizo hayo kuwa moja, yabaki 2. Iundwe upya kwa kila ombi, ndani ya muktadha (context, data inayofuatana na ombi hilo), la sivyo mteja anaweza kuonyeshwa data ya mwingine.

Alama ya mshangao (`!`), inayosema sehemu haiwezi kuwa null, itumiwe kwa kiasi. Duka moja likifutwa, bidhaa yake hugeuka null; na orodha ikiwa `[Bidhaa!]!`, yote inaanguka.