Kununua fleti Dubai ukiwa nje: usajili safi, gharama zijue mapema

Usajili wa Idara ya Ardhi ya Dubai unastahili sifa. Nyumba iliyokwisha kujengwa, karatasi zikiwa kamili, huhamishwa jina na hati kutoka siku hiyohiyo. Asiye mkazi anamiliki kwa jina lake kwenye maeneo yaliyotengwa, kama Dubai Marina, kwa pasipoti tu.

Tatizo ni hesabu. Fleti ya dirhamu 1,000,000 inatozwa usajili wa 4%, yaani 40,000. Dalali kwa kawaida huchukua 2% pamoja na VAT: 21,000. Ofisi ya usajili, 4,200. Tayari ni 65,200, na bado barua ya mjenzi ya kutokuwa na pingamizi na mauzo. Hiyo barua ndiyo inayokwamisha wengi, kwani haitolewi muuzaji akidaiwa ada ya huduma ya jengo. Dai stakabadhi ya ada hiyo kabla hujatoa hundi ya amana ya 10%.

Nyumba inayouzwa ikiwa bado kwenye ramani, lipa kwenye akaunti maalumu ya mradi, inayolindwa na sheria ya 2007. Dalali asiguse hata dirhamu moja! Hakiki mradi na leseni ya dalali kwenye programu ya Dubai REST.

Hutasafiri? Hati ya uwakilishi kutoka Kenya au Tanzania inahitaji muhuri wa mthibitishaji, wizara ya mambo ya nje, ubalozi wa Emirati, kisha wizara yao na tafsiri ya Kiarabu. Anza mapema, muhuri mmoja ukikosekana, hati inarudishwa.