Kwadi ya mbio za nyika kutoka karakana ya Nyakato: chuma kizuri, springi bado

Yamaha YFZ450R ni kwadi ya michezo, yaani pikipiki ya magurudumu manne, yenye injini ya sentimita za ujazo 449 inayopozwa kwa maji, gia tano zisizo na rivasi, na mfumo wa kupuliza mafuta kwa kompyuta ambao umekuwamo tangu toleo la 2009. Inapotoka kiwandani imekaa zaidi kwa ajili ya viwanja vya kuruka matuta kuliko kwa saa mbili za mawe, matope na mchanga. Ndiyo maana niliipeleka yangu kwenye karakana moja ya Nyakato, jijini Mwanza, ambayo kazi yake ya kila siku ni kuchomelea chasisi za bajaji na maguta, nikaiomba iniandalie mashine ya mbio za nyika. Tathmini hii inahusu kazi hiyo pekee. Kila kilichohitaji kukatwa, kukunjwa na kuchomelewa kilifanywa kwa ustadi mkubwa. Kilichohitaji kupimwa kabla ya kufungwa kilifanywa nusunusu.

Maandalizi ya kwadi za namna hii yana mazoea yake, na mengi yametokana na GNCC, mashindano ya mbio za nyika ya Marekani, ambako madereva wa daraja la juu hukimbia kwa takribani saa mbili ndani ya misitu. Huko adui mkubwa ni mti: nafasi kati ya shina na shina ni finyu, mizizi imejaa njiani, na usukani unaogonga gogo humvunja mtu vidole. Mwanza hatuna misitu ya aina hiyo. Tuna mawe ya matale, makubwa na ya mviringo, ambayo kati yake mvua imechimba vijia. Chini ya vilima kuna mchanga wa luseni, na bondeni kabisa kuna udongo mweusi wa mbuga ambao wakati wa masika hauruhusu hata baiskeli kupita. Karakana ilipokea orodha ya Kimarekani kutoka kwangu, na sifa ya kwanza ninayoipa ni kwamba fundi mkuu hakuifuata kama ilivyo. Alikwenda kwanza kutazama njia za vilima vya upande wa Kisesa, akarudi na maswali.

Swali lake la kwanza lilihusu upana. YFZ450R ina upana wa takribani mita 1.24, wakati wapenzi wa mbio za misituni hupendelea inchi 46, yaani mita 1.17 hivi, Yamaha wenyewe waliwahi kuuza toleo jembamba, YFZ450X, kwa ajili ya watu hao. Kupunguza upana kunahitaji mikono mipya ya mbele, yaani vyuma vinavyounganisha magurudumu na chasisi, na ekseli fupi au inayorekebishika ya nyuma, na gharama yake pamoja na usafirishaji na ushuru ni kubwa kuliko kitu kingine chochote katika orodha. Fundi alishauri tuuache upana wa kiwandani, kwa hoja kwamba katika mawe yetu pengo likiwa finyu huwa finyu kwa kila mtu, na kwamba kwadi pana haipinduki kirahisi inapopita mteremko kwa ubavu. Ninakubaliana naye. Anayefikiria kusafiri kwenda kushindana kwingine atakuwa na sababu ya kuamua tofauti.

Kazi ya kinga za chini ndiyo iliyonifanya niandike tathmini hii. Katika mbio za mawe chasisi haiguswi mara mojamoja. Hukaa juu ya jiwe, ikateleza, ikadondoka upande wa pili, na chochote kinachojitokeza chini, iwe ni bolti ya kumwagia oili au diski ya breki ya nyuma, ndicho kinachobeba uzito wote. Karakana ilitengeneza bamba la alumini la unene wa milimita 5 linalofunika kuanzia mbele ya chasisi hadi chini ya injini, likafungwa kwa vibano badala ya kutobolewa chasisi, na vichwa vya bolti vikazamishwa ndani ya bamba ili jiwe lisivinyoe. Mikono ya mbele ilipewa kinga zake, na mkono wa nyuma ukapata bamba la tatu linaloficha sproketi na diski. Matundu ya kutolea matope yaliwekwa nyuma ya injini, mahali ambapo udongo hukusanyika, na si kila mahali kwa ajili ya urembo.

Hata hivyo alumini ina tabia yake mbaya juu ya matale. Jiwe letu lina chembe kali kama msasa, nayo alumini, kwa kuwa ni laini, huchimbwa na kushikwa. Unasikia kabisa kwadi ikikwama kwa sekunde moja mahali ambapo ilipaswa kuteleza. Plastiki nene ya polithini, ya jamii ya zile mbao nyeupe zinazotumika kukatia minofu ya sangara katika viwanda vya samaki, huteleza vizuri zaidi na hairudishi mlio mkali kwa dereva, ingawa huisha mapema na inahitaji kubadilishwa. Karakana imekubali kuongeza tabaka la plastiki hiyo chini ya alumini, kwa skrubu zinazozama. Huo ndio mpangilio ambao ningempendekezea yeyote wa kanda hii: chuma kibebe kipigo, plastiki ishughulike na kuteleza.

Vyuma vya pembeni vyenye nyavu, vinavyozuia mguu usiteleze ukaingia mbele ya gurudumu la nyuma na vinavyozuia magurudumu ya kwadi mbili kunasana, vilichomelewa vizuri na havikulegea. Nyavu zenyewe zilisukwa na mshona mahema kwa mikanda ya nailoni, nazo ni imara kuliko nilivyotarajia. Kinga za mikono, pedeli pana zenye meno, na swichi ya kuzimia injini inayofungwa kwa kamba kwenye kifundo cha mkono wa dereva, vyote vipo na vinafanya kazi. Swichi hiyo si pambo: dereva akianguka, kwadi iliyowashwa inaweza kuendelea na safari yake peke yake kuelekea kwa watazamaji. Kituliza usukani kililetwa kutoka nje kwa sababu hakuna wa kukitengeneza hapa, na karakana ilikifunga kwa usahihi. Gurudumu moja la mbele linapogonga jiwe, usukani hauruki tena kutoka mikononi.

Matairi ya kiwandani ni mepesi na hutobolewa upesi, hivyo tulifunga ya tabaka sita. Hapo karakana ilikuwa na ushauri mzuri, lakini kijana aliyejaza upepo hakuwa na kipimo kinachofaa. Kwadi hutumia upepo mdogo sana, kiasi cha paundi 4 hadi 8 kwa inchi ya mraba, na geji ya kujazia matairi ya magari, yenye alama kuanzia 10, haiwezi kuonyesha tofauti ambayo kwa mashine hii ni kubwa mno: ukizidisha, kwadi inadunda kila penye jiwe, ukipunguza, rimu inapondeka. Nilinunua geji yangu ya upepo mdogo na nimebaki na paundi 6 mbele na nyuma kwenye mawe, nikishusha kidogo kwa siku za mchanga. Wako madereva wanaojaza vipira vidogo vingi ndani ya tairi ili hata likitoboka liendelee kusimama, lakini kwa mbio zisizo na zawadi kubwa dawa ya kuziba pancha inatosha.

Sasa nifike kwenye springi, ambako malalamiko yangu yote yamelala. Shokapu za YFZ450R ni nzuri: mbele zina safari ya milimita 250 hivi na nyuma karibu 280, na zinarekebishika ukali wa kubonyea, kasi ya kurudi, na mkazo wa awali wa springi. Kinachotakiwa katika maandalizi si kununua nyingine mpya, bali ni kuzipima na dereva wake akiwa amekaa juu, amevaa kofia, viatu na kila kitu, na kuona kwadi inashuka kwa kiasi gani kutoka pale ilipokuwa magurudumu yakining'inia. Kanuni inayotumika sana ni theluthi moja ya safari, kwa sababu gurudumu linahitaji pia nafasi ya kushuka ndani ya shimo, siyo ya kupanda juu ya jiwe tu. Karakana haikupima. Ilikaza mkazo wa awali hadi karibu na mwisho, na nilipouliza sababu, jibu lilikuwa: "Bosi, tumeifanya ngumu ili isigonge chini."

Jibu hilo ni la kawaida na ni la makosa, na linafaa kuelezwa kwa kirefu kwa sababu nimelikuta hata kwa watu wenye uzoefu wa pikipiki. Kukaza springi hakubadilishi ugumu wake. Kunainua tu kwadi. Springi ileile, ikibonyezwa milimita kumi zaidi, inadai nguvu ileile ya nyongeza iliyokuwa ikidai awali. Matokeo ni mashine iliyosimama juu, yenye kitovu cha uzito kilichopanda na gurudumu lisilo na nafasi ya kushuka, yaani kinyume kabisa cha kinachotafutwa kwenye njia ya kilima. Kama dereva ni mzito kuliko springi zilivyokusudiwa, dawa ni springi nyingine zenye ugumu unaolingana na uzito wake, na hizo huagizwa kwa kutaja kilo zake pamoja na mavazi.

Kasi ya kurudi nayo iliachwa ikiwa polepole mno. Katika mfululizo wa mawe madogo, shokapu inayorudi polepole hukutwa na jiwe la pili kabla haijanyooka, na la tatu linaikuta imebonyea kabisa. Dereva hudhani springi ni laini, kumbe shokapu imenyimwa muda wa kupumua. Kufungua kidogo kirekebishio hicho, pamoja na kulegeza mkazo hadi kipimo cha theluthi kilipopatikana, kuliibadilisha kwadi kuliko spea yoyote niliyolipia. Kazi hiyo haihitaji mashine wala umeme, inahitaji futi ya kupimia, mtu wa kusaidia na subira ya asubuhi moja, na kwa ada iliyotozwa ilipaswa kuwa imefanywa.

Upande wa injini karakana ilikuwa na busara ya kutogusa mengi. Mwanza ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na injini yoyote isiyo na tabo hupoteza hapa karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu yake. Kwadi za zamani zenye kabureta huhitaji jeti ndogo zaidi ili zisilewe mafuta, lakini YFZ450R hupima shinikizo la hewa na kujirekebisha yenyewe. Bomba jipya la moshi lilipendekezwa, nikakataa. Fedha hiyo ilikwenda kwenye sproketi ya nyuma iliyoongezwa meno mawili, ambayo huifanya gia ya kwanza ipande mawe bila dereva kuchezea klachi muda wote, na kwenye wavu wa kukinga rejeta. Filta ya sponji ilipakwa oili yake na kuvishwa kitambaa cha nje kinachozuia vumbi la luseni lisiizibe. Kiangazi, bila kitambaa hicho, filta huwa ya kahawia kabla ya saa moja kuisha. Mipira ya kupumulia ya injini ilipandishwa juu, jambo ambalo wengi husahau hadi wavuke kijito.

Betri ingestahili kuangaliwa zaidi. Mashine hii haina kiki, na mbio nyingi za aina hii huanza injini zikiwa zimezimwa, kwa hiyo betri dhaifu humpoteza mtu kabla bendera haijashuka. Nyaya zake zilikazwa vizuri, lakini betri yenyewe ilirudishwa bila kupimwa nguvu. Tangi la mafuta bado ni la kiwandani, lita 10, na kwa mbio za saa mbili itabidi kupanga kituo cha kujaza au kufunga tangi kubwa.

Malipo ya kazi ya mikono yalikuwa ya haki, na fedha nyingi zilikwenda kwenye vitu vilivyotoka nje. Muda ulirefuka kuliko tulivyoafikiana kwa sababu bajaji za wateja wa kila siku zilitangulizwa, na sioni kosa hapo. Atakayepeleka kwadi yake aandike katika makubaliano mambo mawili kabla ya kutoa pesa ya awali: kwamba springi zitapimwa na yeye akiwa amekaa juu yake, na kwamba bolti zote za mikono, ekseli na bamba zitatiwa gundi ya nati na kukazwa upya baada ya mazoezi ya kwanza. Hilo la pili walinifanyia bure.