Uzoefu wangu: kioo cha oto cha Premio kiligoma baada ya kubadili betri, karibu ninunue mota bure

Wadau hii naiandika kwa ajili ya mtu ambae leo kaambiwa anunue mota ya kioo cha oto, yani kile cha dirisha kinachopanda chenyewe ukigusa swichi mara moja, na mfukoni hana hela ya mchezo.

Gari yangu ni Toyota Premio, iliyotumika toka Japani kama zilivyo nyingi hapa Dar. Betri ilikufa, nikaweka mpya Jumamosi asubuhi, gari ikawaka vizuri, saa ya redio tu ndo ilirudi mwanzo nikaipuuzia. Nafika kulipia daraja la Kigamboni, nashusha kioo, nalipa, naivuta swichi mara moja kioo kipande chenyewe kama siku zote huku mikono yangu iko kwenye usukani, kikapanda kidogo kikasimama. Navuta tena, kidogo, kinasimama. Nyuma honi zimeanza. Ikabidi niishikilie swichi mpaka kioo kimefika juu ndo nikaondoka. Na kile kitaa kidogo cha pale kwenye swichi ya dereva kilikuwa kinawaka na kuzima, kinawaka na kuzima, kitu ambacho sijawahi kukiona tangu niinunue.

Nikapita kwa fundi umeme mmoja, jina lake naliacha. Akabonyeza mara mbili tatu akasema swichi masta (ile ya vioo kwenye mlango wa dereva) imeungua na mota nayo inaelekea kufa. Swichi used 180,000, mota 120,000, ufundi 40,000. Jumla 340,000 kwa kioo kimoja! Nilikuwa nishaanza kuhesabu hela kwenye simu, ila kuna kitu kikanikwama kichwani, mbona nikiishikilia swichi kioo kinapanda mpaka juu bila shida na kinashuka bila shida? Mota iliyokufa haipandishi kioo, na swichi iliyoungua haitumi umeme. Nikamwambia yule fundi, "bosi wangu, ngoja nijipange nitarudi."

Nyumbani nikafungua kabati la dashibodi, kitabu cha gari kipo, ila chote Kijapani. Nikatumia ile kamera ya simu inayotafsiri maandishi, tafsiri ilikuwa inaruka ruka lakini kwenye ukurasa wa vioo ikaeleweka: ukitoa betri, kioo cha oto kinapoteza kumbukumbu, inabidi ukiseti upya. Sio spea, ni kuseti tu.

Nilichofanya ndo hiki. Nikawasha switchi ya gari, nikafunga mlango, nikashusha kioo cha dereva mpaka nusu. Halafu nikaivuta swichi juu bila kuiachia mpaka kioo kikafunga kabisa, na kilipofunga sikuiachia, nikaendelea kuivuta kama sekunde 2 hivi (kitabu kinasema 1, mimi niliongeza). Kile kitaa kikaacha kupepesa kikatulia. Nikashusha, nikagusa mara moja, kioo kikapanda chenyewe mpaka juu. Dakika moja haijaisha. Nilikaa kwenye gari nakipandisha na kukishusha kama mtoto aliyepewa baiskeli, furaha ya 340,000 kubaki mfukoni sio ndogo jamani.

Sasa kwanini inatokea, maana nilipoelewa hili ndo hasira kwa yule fundi zikapungua, nadhani na yeye hakujua. Kioo cha oto kina mota yenye kompyuta ndogo ambayo inahesabu mizunguko, kwahiyo inajua kioo kiko wapi na juu kabisa ni wapi. Kikiwa kinapanda chenyewe halafu mota ikapungua kasi kabla ya kufika juu, kompyuta inajua hapo katikati kuna kitu, labda mkono, inakirudisha chini. Ukikata umeme wa betri ile hesabu inafutika. Haijui tena juu ni wapi, haiwezi kutofautisha mkono wa mtu na mpira wa juu wa mlango, ndo maana inakataa kupandisha kioo chenyewe mpaka uionyeshe mwisho uko wapi. Ile kushikilia swichi kioo kikiwa kimeshafunga ndo kuionyesha.

Na hapa ndo naomba tuwe makini wenye watoto. Ule ulinzi wa kurudi chini sio pambo. Marekani sheria ya vioo vinavyopanda vyenyewe inataka kioo kirudi kabla hakijabana kitu kwa nguvu ya newton 100, hiyo ni kama uzito wa kilo 10 hivi. Kabla hujaseti, huo ulinzi usiutegemee kabisa, kwahiyo wakati unaseti watoto watoke kwenye gari na mtu yeyote asiweke mkono dirishani. Mimi binti yangu ana miaka minne, anapenda kutoa vidole nje. Baada ya kuseti nilijaribu kwa boksi la maziwa tupu nililokunja, nikaliweka pale juu, kioo kikaligusa kikarudi. Usijaribu kwa mkono wako, tafadhali.

Kitu kingine kinachowaponza watu: hata ukinunua mota nyingine fundi anaefunga lazima ataiseti hivi hivi, ndo ifanye kazi. Kwahiyo ukibadilishiwa mota, kioo kitapanda, na wewe utaapa kabisa kwamba mota ya mwanzo ilikuwa imekufa. Hela imeenda na ushahidi huna.

Ila sio kila tatizo la kioo ni kuseti, nisidanganye mtu. Kama kioo hakiendi kabisa hata ukishikilia, au kinapanda kimelala upande, au unasikia mlio wa kukwaruza ndani ya mlango, hiyo ni mashine ya kioo (ile inayokinyanyua ndani ya mlango) au mota kweli, muone fundi. Na kama kinafika karibu na juu kinarudi chenyewe hata baada ya kuseti, angalia mipira ya pembeni kwanza. Vumbi la barabara zetu linajaa mle, kioo kinapanda kwa shida, kompyuta inadhani kuna mkono. Mimi nilifuta mipira kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, ikakauka, nikapuliza spirei ya silikoni. Grisi na oili chafu msiweke, vinashika vumbi na mpira unaharibika.

Huu ni mwezi wa tatu tangu nikiseti na kioo kinafanya kazi, kwa kioo chenyewe natoa 9 kati ya 10, hiyo moja nimeitoa kwasababu gari inakuja na kitabu cha Kijapani na hakuna anaekwambia. Yule aliyeniuzia betri angesema sentensi moja tu, kaka ukiona kioo kimegoma kiseti, angeniokolea siku nzima.

Juzi jirani mama mmoja ana Honda Fit kaja na shida hiyo hiyo baada ya kuweka betri. Kwake njia ya nusu haikukubali, tukashusha kioo mpaka chini kabisa, tukapandisha bila kuachia, kikafunga tukashikilia sekunde 2, mara ya kwanza wapi, mara ya pili kikakubali. Kwahiyo kampuni na kampuni inatofautiana kidogo, ila kazi ni ile ile. Yeye alikuwa ameshaambiwa 250,000.