Miezi minane na spektromita ya infraredi: uzoefu wangu

Spektromita hii ya Fourier, yaani mashine inayopima mwanga kwa kila urefu wa wimbi, nimeitumia kwa kazi moja tu: kujua atomu ya florini inapokutana na molekuli ya hidrojeni, nishati inayotoka inaenda wapi. Floridi ya hidrojeni (HF) inayozaliwa hapo huzaliwa ikitetemeka kwa nguvu, kisha hutoa mwanga usioonekana kwa macho, wa kati ya mikromita 2.5 na 3. Tunausoma mwanga huo. Njia yenyewe ni ya zamani. Wanakemia John Polanyi na Cashion waliitangaza mwaka 1958 kwa hidrojeni na klorini, na mwaka 1986 Polanyi akawa mmoja wa watatu waliopewa Nobeli ya kemia.

Kwa kuona, mashine hii haina mpinzani kwangu. Ukishamimina naitrojeni kimiminika na kigunduzi cha indiamu antimonidi, kinachohisi mwanga huo, kikapoa, mistari ya HF (vilele vya mwanga wake kwenye grafu) inasimama mmojammoja, haigusani. Siku nilipomaliza hesabu ya kwanza nikakuta ngazi ya pili ya mtetemo, yenye nishati kubwa zaidi, ina molekuli nyingi kuliko ya kwanza, nilikaa kimya nikiitazama skrini. Karibu theluthi mbili ya nishati yote inaingia kwenye mtetemo. Ndiyo maana mmenyuko huu unaweza kuendesha leza.

Mwezi wa tatu baadhi ya mistari ikaanza kufifia. Nikashuku pampu, nikafungua chumba cha mmenyuko, siku nne zikapotea. Kumbe silika jeli, punje za kunyonya unyevu, ndani ya boksi la vioo ilikuwa imegeuka kutoka buluu kuwa waridi. Mvuke wa maji hufyonza sana karibu na mikromita 2.7, palepale HF inapong'aa! Kitabu cha maelekezo kinasema ibadilishwe mara moja kwa mwaka. Kwa kazi hii haitoshi hata kidogo: ikague kila wiki, na upitishe naitrojeni kavu muda wote.

Programu yake ndiyo inayoniudhi. Imeandikwa kwa wanaopima ufyonzaji, kwa hiyo haikukumbushi kwamba kigunduzi hakihisi kila urefu wa wimbi sawasawa. Lazima upime kwanza tanuri jeusi la joto linalojulikana, urekebishe mwenyewe. Tena mstari mrefu haumaanishi molekuli nyingi, kwa kuwa ngazi ya pili hutoa mwanga haraka kuliko ya kwanza. Gawanya kwa kasi hiyo kabla ya kulinganisha. Molekuli zisizotetemeka hazing'ai kabisa, kwa hiyo idadi yake usiitafute humu.

Presha nayo iwe ndogo sana, la sivyo molekuli zitagongana na kupoteza mtetemo kabla hujaziona, na grafu itatoka nzuri ila ya uongo.

Ningeinunua tena. Ila kabla ya kulipa, mwambie muuzaji akuonyeshe ikipima mwanga unaotoka nje ya mashine, si ule wa taa yake ya ndani.